Unene na Tiba Zake (2): Sindano, Kisu na Hesabu ya Mwaka wa Kumi

Juma lililopita tulieleza namna mwili unavyoupigania uzito wake. Ukila kidogo, homoni za njaa hupanda, matumizi ya nishati hushuka, na kilo zilizotoka hurudi taratibu. Kwa hiyo mwenye unene uliokithiri anayeambiwa "punguza kula" huwa ameambiwa nusu tu ya habari. Leo tuliingie swali linaloulizwa sana siku hizi, kliniki na saluni pia: achome sindano au apasuliwe?

Kwanza tuwatoe wasiohusika. Anayetaka kupunguza kilo nne ili gauni la send-off likae vizuri hahitaji hata kimoja kati ya hivyo viwili. Kipimo kinachotumika ni BMI, yaani kilo zako ukizigawanya kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwaka 1991 jopo la wataalamu nchini Marekani liliweka mpaka wa upasuaji kwenye BMI 40, au 35 kwa mwenye maradhi yanayotokana na unene. Mwaka 2022 vyama vya madaktari bingwa wa upasuaji huo viliushusha: 35 hata kama mtu hana maradhi, na 30 kwa mwenye kisukari cha aina ya pili. Sindano huanzia 30, au 27 kwa mwenye maradhi kama presha au kisukari.

Tumchukue mwanamke wa sentimita 165 mwenye kilo 110. BMI yake ni 40 na ushei, kwa hiyo milango yote miwili iko wazi kwake.

Tuanze na sindano. Utumbo wetu hutoa homoni iitwayo GLP-1 kila tunapokula. Homoni hiyo huiambia kongosho itoe insulini, hupunguza kasi ya chakula kutoka tumboni, na huupelekea ubongo taarifa kwamba tumeshiba. Ile ya asili huvunjwa mwilini ndani ya dakika chache. Kazi kubwa ya watengenezaji dawa ilikuwa kuunda mfano wake unaodumu wiki nzima, nao ndio semaglutaidi. Marekani iliiidhinisha mwaka 2017 kwa ajili ya kisukari, kwa jina la Ozempic, na mwaka 2021 kwa ajili ya uzito, kwa jina la Wegovy. Katika utafiti uliotangulia idhini hiyo ya pili, watu 1,961 walifuatiliwa kwa wiki 68, na waliopewa dawa walipungua wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao. Kwa mwanamke wetu hizo ni kilo 16 na nusu hivi. Tirzepataidi, ambayo huigiza homoni mbili kwa pamoja, ilifikisha asilimia 20.9 kwa dozi ya juu katika wiki 72, yaani kilo 23.

Tena faida haiishii kwenye mizani. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya utafiti wa watu 17,604 wenye uzito mkubwa na maradhi ya moyo au mishipa. Semaglutaidi ilipunguza kwa asilimia 20 vifo vya moyo, mshtuko wa moyo na kiharusi vikihesabiwa kwa pamoja. Kwa mgonjwa wa aina hiyo, mimi nisingesita.

Shida iko kwenye kuacha. Wengi wetu tumezoea dozi ya malaria: unameza, unapona, unasahau. Sindano hizi haziendi hivyo. Sehemu ya wale waliokuwa kwenye utafiti wa kwanza walifuatiliwa mwaka mmoja baada ya kusimamisha dawa, na theluthi mbili ya uzito uliotoka ilikuwa imerudi. Mwanamke wetu angerudishiwa kilo 11 kati ya zile 16. Hapo bado hatujataja kichefuchefu, kutapika na choo kigumu, ambavyo huwapata wengi miezi ya mwanzo, wala mawe kwenye kibofu nyongo, wala kongosho kuvimba, jambo la nadra lakini la hatari. Mwenye historia ya saratani ya tezi ya shingo aina ya medula, yeye au ndugu zake wa damu, asiziguse kabisa.

Sasa kisu. Upasuaji unaofanywa zaidi duniani leo ni wa kukata na kuondoa robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula, ukabaki mwembamba kama ndizi. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa. Wa pili ni wa kuupita mfuko huo: daktari hutenga kijifuko kidogo upande wa juu na kukiunga moja kwa moja na utumbo mwembamba. Aina zote mbili siku hizi hufanywa kwa matundu madogo, mgonjwa akiwa chini ya nusu kaputi.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa siri ya upasuaji ni udogo wa tumbo tu. Baadaye ikaonekana jambo la ajabu: baada ya ule upasuaji wa kuupita mfuko, sukari ya wagonjwa wa kisukari hushuka ndani ya siku chache, kabla hata kilo hazijatoka. Chakula kinapowahi kufika chini, utumbo humwaga GLP-1 nyingi kuliko zamani. Kumbe kisu na sindano vinakutana kwenye homoni ileile, na wanaobishana kwamba kimoja ni "cha asili" kuliko kingine wanapoteza muda wao.

Ushahidi wa muda mrefu uko Sweden, ambako tangu mwaka 1987 watu 2,010 waliopasuliwa walilinganishwa na 2,037 waliopata tiba ya kawaida. Waliofanyiwa ule wa kuupita mfuko walikuwa wamepungua asilimia 32 baada ya mwaka mmoja hadi miwili. Mwaka wa kumi walikuwa wamebaki na upungufu wa asilimia 25. Kwa mwanamke wetu ni kilo 35 kisha 27 na nusu. Kuna kilo zilizorudi, ndiyo, lakini tazama zilizobaki nje. Vifo pia vilikuwa vichache upande wa waliopasuliwa.

Hatari ipo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2009 ulihesabu wagonjwa 4,776, na waliofariki ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 0.3. Hiyo ni mikono yenye uzoefu katika hospitali zilizojiandaa, kwa hiyo usione haya kumuuliza daktari ameshafanya upasuaji huo mara ngapi. Ukitoka salama, unaanza maisha ya vitamini B12, madini ya chuma na kalsiamu, pamoja na kupima damu, maisha yote. Pombe hupanda kichwani haraka kuliko zamani. Na mwenye kiungulia kikali awe mwangalifu na ule upasuaji wa kwanza, kwa kuwa mara nyingi hukizidisha.

Kwa maoni yangu basi, swali la "kipi kinapunguza zaidi" limeshajibiwa na si gumu. Lililo gumu ni nani atakuhudumia mwaka wa kumi. Anayeishi Dar es Salaam au Nairobi, mwenye bima au kipato cha uhakika na BMI ya 32, aanze na sindano. Mwenye 42 na kisukari kinachomsumbua, ambaye anaweza kuchanga fedha mara moja lakini hawezi kulipa kila mwezi bila kikomo, namwona karibu zaidi na chumba cha upasuaji, mradi kuna maabara anayoweza kuifikia. Hesabu hii inaweza kubadilika: mwaka 2026 ndio ukomo wa hataza ya semaglutaidi India na China, na dawa zinazotoka huko kwa kawaida hufika kwetu kwa bei nafuu.

Lakini nafuu isikupeleke kwenye kurasa za mitandaoni. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Hata iliyo halisi hutakiwa kukaa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8, kabla ya kufunguliwa. Ikisafirishwa kwenye mkoba wa mtu kutoka nje ya nchi, nani ajuaye imepigwa joto kiasi gani?

Limebaki la uzazi, ambalo wanawake wengi huambiwa wakiwa wameshachelewa. Baada ya upasuaji, mimba hungojwa miezi 12 hadi 18. Semaglutaidi huachwa miezi miwili kabla ya kutafuta mtoto. Tirzepataidi nayo hudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango, hasa wiki nne za kwanza na kila dozi inapopandishwa, kwa hiyo wanandoa waongeze kinga nyingine. Na kwa vile uzito ukishuka yai hupevuka kwa urahisi zaidi, aliyekaa miaka bila kushika mimba asidhani hawezi.

Juma lijalo: puto la tumboni, linamfaa nani na hutolewa lini.