Riziki ya Kivulini

Wahenga walituachia usemi kuwa mchumia juani hulia kivulini, na kwa sababu hiyo watu wengi wamtazamapo kijana aliyeajiriwa ofisini katika mji wa Dar es Salaam humhusudu, wakidhani kuwa yeye amepewa kivuli kabla ya kulionja jua. Humwona asubuhi amevaa shati lililopigwa pasi, kitambulisho kikining'inia shingoni kwa kamba na kompyuta mpakato ikiwa mgongoni, akienda mahali penye kiti cha kuzunguka na kiyoyozi. Na shangazi yake aliye shamba, ambaye siku yake hupimwa kwa matuta ya mihogo, huona taabu kusadiki kuwa mtu aweza kukaa kitako tangu asubuhi hata alasiri, kisha akarejea nyumbani hoi. Husuda hiyo haina ubaya, ila imepungukiwa na maarifa. Maisha ya kijana huyu yana dhiki zake na faraja zake, nyingi katika hizo ni ndogo mno hata hazipati kutajwa katika simu ya nyumbani. Na azichunguzaye kwa makini ataona kuwa karibu kila alicho nacho kijana, wakati wake na fedha zake pia, kina mtu mwingine aliyekwisha kukitia alama, na kwamba raha yake hutoka katika kile kidogo kilichosalia bila kudaiwa.

Dai la kwanza ni la barabara. Mkoa wa Dar es Salaam, uliohesabiwa kuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya mwaka 2022, umekua kwa kufuata njia kuu chache, yaani ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Nyerere iendayo Pugu na ya Kilwa, na zote hizo hukutana katikati ya mji, pande za Posta, Kivukoni na Kariakoo, ambako ofisi zimesongamana tangu Wajerumani walipoyahamishia makao yao makuu hapa mwaka 1891. Kodi ya nyumba hupungua kadiri mtu ajitengavyo na kitovu hicho. Kwa hiyo kijana mwenye mshahara wa kuanzia hupanga chumba Mbagala, Gongo la Mboto, Mbezi au Bunju, au huyavuka maji akaishi Kigamboni, na ili kuwahi kazi ianzayo saa mbili humlazimu kuamka saa kumi na moja, wakati muadhini anaadhini na majogoo wanawika.

Si kwamba mji umekaa bure. Treni ya mjini, ambayo watu waliipa jina la Waziri Mwakyembe, ilianza kubeba abiria mwaka 2012. Mabasi yaendayo haraka yalianza mwaka 2016 katika njia ya kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi yake ya Morocco na Gerezani. Na mwaka huo huo daraja la Kigamboni lilifunguliwa, ilhali pantoni ya Magogoni nayo ingali ikivusha watu. Hata hivyo chombo kinapoongezeka, abiria nao huongezeka, na elimu ya kusafiri imebaki kuwa ya lazima. Wako wanaopanda daladala linaloelekea mwisho wa njia, wakalipa nauli mara mbili na kugeuza nalo, kwa minajili ya kupata kiti cha kurejea mjini wameketi. Aliyeketi naye ana wajibu wake, kwani humpokea begi aliyesimama mbele yake na kulipakata bila kuulizana majina, na begi lile hufika salama. Kiti cha dirishani, upepo wa asubuhi usoni na nusu saa ya usingizi ambao konda hathubutu kuukatiza ila kwa nauli, ni neema ambayo mwenye gari lake mwenyewe, aliyeshika usukani katika foleni ile ile, haijui.

Kijana afikapo ofisini hukuta dola yenye vyeo na adabu zake. Zamani palikuwapo masijala yenye majalada, tarishi aliyeyachukua kutoka meza hadi meza, na dokezo lililoandikwa kwa wino na kutiwa sahihi. Siku hizi barua pepe na vikundi vya WhatsApp vimeshika sehemu ya kazi hiyo, lakini muhuri haujastaafu, na mara nyingi waraka uliokwisha kutumwa kwa mtandao huchapishwa, hupigwa muhuri, kisha hupigwa picha ili utumwe tena. Kwa kuwa yeye ndiye mdogo kwa umri, huwaamkia wote shikamoo, huwaita wakubwa mzee na mama, na huhesabiwa kuwa fundi wa kila kitu chenye waya. Printa ikikwama ataitwa yeye, simu ya mkuu wa idara ikijaa picha ataitwa yeye, na viti vikipungua katika kikao ni yeye atakayevifuata ghorofa ya chini. Kazi hizi hazimo katika barua yake ya ajira, wala hazitajwi wakati wa kupima utendaji wa mwaka.

Udhia wa ofisini aghalabu ni wa namna hii, mdogo kiasi cha mtu kuona haya kuulalamikia. Kiyoyozi huwekwa kwa matakwa ya mtu mmoja mnene aliye karibu nacho, na wenziwe huvaa sweta katika mji ambao joto lake la Januari hulowesha shati kabla ya saa tatu. Mtandao huwa chini siku ile ile ambayo taarifa inadaiwa. Kikao kilichotangazwa cha saa nne huanza saa tano kasorobo, na anayekichelewesha ndiye ambaye hawezi kuulizwa. Lakini kero iliyo kuu kuliko zote huja alasiri, saa kumi na nusu, kijana amekwisha kufunga kompyuta na kutia chaja mkobani, mkubwa anapotokeza kichwa mlangoni na kusema kwa upole kabisa kwamba kuna jambo dogo analiomba leo.

Kinyume cha hayo ni chai ya saa nne. Mama lishe huingia na hotipoti zake, moja ya chapati na nyingine ya vitumbua au maandazi, na kwa muda mfupi jengo lote hunukia iliki. Watu waliokuwa wakiandikiana barua kali kutoka chumba hadi chumba husimama pamoja wakipuliza vikombe, na mara nyingi jambo lililoshindikana katika kikao humalizwa hapo kwa maneno mawili. Ikiwa ni Jumatatu na Simba au Yanga wamecheza, mjadala huvuka vyeo vyote, na mlinzi wa getini aweza kumkatiza mkurugenzi bila kuomba radhi, kwa sababu ushindani wa klabu hizi, zilizoanzishwa miaka ya 1930, ni wa zamani kuliko ofisi yenyewe. Mama lishe huyu ana daftari pia. Baada ya tarehe 15 wengi hula kwa kuandikwa, na staha yake ya kutomdai mtu mbele ya wenzake ni ya kupigiwa mfano.

Chakula cha adhuhuri kina ulinzi wa sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka saa za kawaida kuwa zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa juma, na ikaamuru kuwa mtu afanyaye kazi zaidi ya saa tano mfululizo apewe mapumziko yasiyopungua dakika 60. Saa hiyo moja kijana huitumia kwa hesabu ya mfanyabiashara. Hushuka ngazi, huzunguka nyuma ya jengo, huketi kwenye benchi chini ya turubai mbele ya sahani ya wali kwa maharage, mchicha pembeni na pilipili ya kusaga, na siku ya Ijumaa, wanaume wakitoka msikitini na kanzu zao, hujipatia pilau. Akimaliza mapema huzunguka mtaani dakika chache bila shughuli yoyote, akitazama viatu dirishani ambavyo hana nia ya kuvinunua. Mtu asimdharau kwa hilo. Tangu alfajiri, hizo ndizo dakika za kwanza ambazo hakuna aliyempangia.

Ama kuhusu fedha, mambo yake ni ya kusikitisha na kuchekesha kwa pamoja. Tuchukue mfano wa kijana aliyeandikiwa shilingi 800,000 kwa mwezi katika kampuni ya binafsi, naye alisoma chuo kikuu kwa mkopo wa serikali. Kwanza hukatwa asilimia 10 ya hifadhi ya jamii, yaani shilingi 80,000, ambazo atazikuta uzeeni. Katika zile 720,000 zilizobaki, 270,000 za mwanzo hazitozwi kodi, 250,000 zifuatazo hutozwa asilimia 8 na 200,000 za mwisho asilimia 20, na jumla ya kodi huwa shilingi 60,000. Kisha huja Bodi ya Mikopo na asilimia 15 ya mshahara wa msingi, ambayo ni shilingi 120,000. Basi mtu huyu ambaye ukoo mzima humjua kuwa ni mtu wa laki nane, hupokea 540,000. Na hapo hajalipa nauli, umeme wala daftari la mama lishe, wala hajaanza kudunduliza kodi ya chumba, ambayo wenye nyumba wengi huitaka kwa miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo mmoja.

Siku mshahara unapoingia, simu hulia mlio mfupi, na ofisi nzima huonekana kuwa na tabasamu la namna moja. Lakini ni kama kwamba mlio ule umesikika hadi kijijini. Ada ya mpwa inadaiwa, dawa za bibi zimekwisha, bati la jikoni limepeperuka. Na fauka ya hayo kuna kadi za michango ya harusi, kila moja na kamati yake, mweka hazina wake na kikundi chake cha WhatsApp ambamo orodha ya waliotoa hutangazwa kila jioni, ili ambao hawajatoa wajisome kwa kutokuwapo kwao. Wengine huelemewa hata wakaingia katika mikopo ya haraka ambayo watu wameiita kausha damu, jina lisilohitaji ufafanuzi. Walio na busara zaidi hucheza upatu na wenzao wa kazini, na zamu ikiwafikia hununua godoro, jokofu dogo au kiwanja cha mbali kisicho na barabara. Hata hivyo ingekuwa dhuluma kusema kuwa kutoa huku ni adhabu tupu. Kijana atumaye shilingi elfu thelathini kwa mama yake, kisha akapigiwa simu ya dua ndefu yenye kumtaja baba yake na babu yake, hupata kitu ambacho hakuna hati ya mshahara inayokiandika.

Kwa kuwa fedha na mchana wake vimegawanywa kwa jinsi hii, mtu angetazamia kwamba walau jioni na mwisho wa juma viwe vyake. Zamani karani alipofunga ofisi kazi ilibaki ndani, pamoja na jalada lake. Leo hufuatana naye katika simu, na ujumbe wa mkubwa aweza kuupata saa tatu za usiku mezani pake, umeanza kwa samahani na umekwisha kwa alama ya kuuliza. Sheria huhesabu saa za ziada na kuzipa malipo ya mara moja na nusu, lakini ni vigumu kuihesabu saa ambayo mtu ameitumia akiwaza jibu huku ameshika kijiko. Ndiyo maana Jumamosi hulindwa kwa wivu. Asubuhi ni ya kufua na kwenda kwa kinyozi au msusi. Mchana ni wa kuchambua mashati ya mtumba Karume, ambako mwenye jicho huondoka na vazi la kumpa heshima juma zima. Jioni wengine huteremka Coco Beach kula mihogo ya kukaanga kwa chachandu, wakitazama bahari bila kulipia kiingilio.

Kuna anayeweza kuuliza kama vijisaa hivi vina thamani yoyote zaidi ya kupumzisha mgongo. Jibu limo katika historia ya lugha yetu wenyewe. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909, aliingia katika ukarani wa forodha mwaka 1926 na kudumu humo hadi 1944, kisha akahudumu katika idara nyingine za serikali, ikiwemo ofisi ya wilaya ya Tanga na ile ya upimaji wa ardhi, mpaka karibu na mwisho wa maisha yake mwaka 1962. Forodha ilimlipa kwa kazi ya forodha. Diwani, insha na hadithi ambazo wajukuu wetu wangali wakizisoma hazikuwa sehemu ya ajira yake. Zilitoka katika wakati ambao mwajiri hakuununua, na leo hakuna azikumbukaye hesabu zake za ushuru.

Si kila kijana wa ofisini atakuwa mshairi, wala hapana haja. Mmoja ataitumia saa yake kushona nguo za oda, wa pili kuimba kwaya, wa tatu kulala usingizi wa halali. Lakini wakubwa wa kazi wanaotaka watumishi wao wafike asubuhi wakiwa na nyoyo changamfu wangefanya vyema kuanzisha vikao kwa wakati wake na kuuacha ujumbe wa usiku ungoje kuche, mambo mawili yasiyogharimu hata senti. Na kijana naye azoee kusema, kwa adabu, kuwa jambo lile dogo la saa kumi na nusu litakuwa mezani kesho saa mbili. Makato ya mshahara yamewekwa na sheria na hana hiari nayo. Makato ya jioni yake, mengi katika hayo, yamewekwa na mazoea, nayo mazoea huvunjwa na mtu wa kwanza anayethubutu.