Magurudumu Mawili, Kazi Tatu

Je, wajua kwamba Toyota Vitz, gari ambalo Dar es Salaam na Nairobi linafahamika kwa kuvumilia foleni na kubana mafuta, lilikuwa na mbio zake lenyewe huko Japani? Kuanzia mwaka 2000, kwa takriban miaka ishirini, madereva wa kawaida waliziingiza Vitz zenye namba za barabarani kwenye viwanja vya mbio kama Fuji na Suzuka, ndani zimefungwa fremu ya chuma ya kumlinda dereva, wakakimbizana. Siku ya pili gari lilelile lingeweza kumpeleka mwenyewe kazini.

Magari yanapolingana namna hiyo, nguvu za injini hazimwokoi mtu. Anayetangulia ni anayejua kutunza mwendo wake ndani ya kona, maana injini ndogo huchelewa sana kuurudisha mwendo uliopotea.

Ugumu wenyewe unaanzia kwenye umbo. Mwaka 1959 Alec Issigonis aliilaza injini ya Mini kwa upana, pale mbele, ndani ya gari lenye urefu wa takriban mita tatu tu, na viwanda vingine vikafuata mkondo huo. Abiria walipata nafasi ya kutosha, lakini kiasi cha asilimia 60 ya uzito wa magari ya aina hii, mara nyingine zaidi, hukaa mbele. Magurudumu mawili ya mbele yanalivuta gari, yanalipindisha, na wakati wa kufunga breki yanabeba sehemu kubwa ya kazi. Ya nyuma yanafuata tu.

Mshiko wa tairi ni kama mshahara mmoja wenye matumizi matatu. Dereva akiutumia wote kwenye breki, wa kupinda haupo. Akiukanyagia mafuta wote, vilevile. Ndiyo maana mgeni wa kiwanja anapoingia kona kwa kasi, usukani ameuzungusha lakini gari linaendelea mbele utadhani halijasikia. Naye hufanya lile ambalo mwili unamtuma: anauzungusha usukani zaidi. Tairi zinalia na gari linazidi kutoka nje ya kona. Hapa ndipo walimu wa mbio wanapopatia ugali wao. Dawa ni kuurudisha usukani kidogo, kupunguza mafuta taratibu, na kusubiri tairi zishike tena. Kusubiri huko, wakati ukingo wa barabara unakuja, ndiko kugumu kuliko yote.

Fundi wa kona huanza mapema. Anafunga breki kwa nguvu gari likiwa limenyooka, kisha anaiachia pole pole huku anaanza kupinda. Breki inayolegea hivyo huuacha uzito ukilalia mbele kwa muda, tairi za mbele zinaishika lami, na nyuma, iliyopungukiwa mzigo, inazunguka kidogo kulielekeza gari ndani. Sasa hata magurudumu ya nyuma yamepata kazi.

Kuna hatari yake. Ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona ya kasi, uzito unarukia mbele na nyuma inaweza kuchomoka. Peugeot 205 GTI, iliyotoka mwaka 1984, ilijipatia sifa kwa tabia hiyo. Waliolijua gari walipata silaha, wasiolijua walijikuta wanatazama walikotoka. Katika gari linalovutwa na mbele, nyuma ikichomoka dereva huelekeza usukani upande inakokimbilia na kukanyaga mafuta kwa kiasi, ili magurudumu ya mbele yalivute gari linyooke. Kukanyaga breki kwa hofu huzidisha balaa.

Ufundi wa ajabu zaidi ulitoka kwa Waswidi na Wafini wa mbio za rali. Saab 96 ya Erik Carlsson ilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 841, yenye mipigo miwili, iliyokosa nguvu mara tu mzunguko wake uliposhuka. Kwa hiyo mguu wa kulia uliendelea kukanyaga mafuta, na wa kushoto ukagusa breki. Magurudumu ya mbele, yakisukumwa na injini, yaliendelea kuzunguka. Ya nyuma, yasiyo na msukumo wowote, yalielemewa na breki yakaanza kuteleza, na gari likageuka. Carlsson alishinda rali ya RAC ya Uingereza mara tatu mfululizo, 1960 hadi 1962, na Monte Carlo mwaka 1962 na 1963.

Afrika Mashariki nayo ilimwona. Katika Safari Rally ya mwaka 1964 alimaliza wa pili, baada ya kunasa kwenye tope na kulitoa gari kwa kulipindua. Si mzaha. Hata kabla ya hapo alikwishapewa jina la utani la mhusika wa hadithi za watoto wa Uswidi anayeishi juu ya paa. Wafini Timo Mäkinen na Rauno Aaltonen waliupeleka mguu wa kushoto kwenye Mini Cooper na kushinda Monte Carlo, mmoja mwaka 1965, mwingine 1967. Anayeanza leo asiujaribu kwanza kwenye kona ya kasi: mguu uliozoea klachi hukandamiza breki kwa ghafla mno.

Katika kutoka kona, kosa la kawaida ni pupa ya mafuta. Uzito umelalia nje, gurudumu la ndani ni jepesi, nalo likianza kuzunguka bure, difrensheni ya kawaida hulinyima la nje nguvu. Bora kuchelewa kuugusa ukingo wa ndani, kuunyoosha usukani, ndipo kukanyaga. Ukitaka kujua ufundi huu umefika wapi, tazama njia ya Nürburgring nchini Ujerumani, kilomita 20.832: Renault Mégane Trophy-R iliizunguka kwa dakika 7 na sekunde 45.389 mwaka 2019, na Honda Civic Type R ikatumia 7 na sekunde 44.881 mwaka 2023. Nusu sekunde, kwa magari yanayovutwa na mbele.

Mwenye gari la kawaida, siku akilipeleka kiwanjani, atashindwa na joto kabla ya kushindwa na kona. Kushuka kutoka kilomita 120 kwa saa hadi 60 ni kuzigeuza robo tatu za nishati ya mwendo kuwa joto, na sehemu kubwa inaishia kwenye breki za mbele. Mafuta ya breki yaliyozeeka hufyonza unyevu, yakichemka pedali inazama hadi sakafuni. Yabadilishwe kabla ya siku hiyo. Upepo wa tairi hupimwa zikiwa za moto, kwa kuwa joto huupandisha. Mzunguko wa mwisho huendeshwa polepole ili breki zipoe, na gari likisimama handibreki haivutwi kwenye breki zenye moto. Huwekwa gia na kizuizi cha mbao chini ya gurudumu.