Tovuti ya Misaada ya Mtaa na Kazi Isiyoonekana



Wapenzi wanafunzi na wazazi wetu, mwaka jana vijana wa darasa la juu walinijia na wazo zuri. Walitaka kutengeneza tovuti ambayo mtu wa mtaani kwetu akipatwa na shida ataifungua kwenye simu na kuona msaada uko wapi: nani anagawa futari, wapi yatima wanalipiwa ada, nani anatoa ushauri wa mirathi bila malipo. Nikawaunga mkono. Kwa siku tatu tovuti ikawa tayari, ina rangi ya kijani na picha ya mnara, na kila aliyeiona aliisifu.

Mwezi wa pili mama mmoja mjane alisoma humo kwamba kuna mahali wanapima macho bure kila Jumatano. Akapanda daladala mbili pamoja na mwanawe, akakuta mlango umefungwa. Huduma ilikuwa imehamishiwa siku nyingine hata kabla sisi hatujaiandika. Nauli ile ndiyo iliyokuwa pesa yake ya mboga. Hakugomba. Alisema tu, "Ustadh, mimi nilidhani mmeshakwenda kuangalia." Hatukwenda. Tulinakili kutoka kwenye tangazo lililobandikwa ukutani.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma namna wenzetu wanavyoifanya kazi hii. Nchini Marekani, katika mji wa Atlanta, ilianzishwa mwaka 1997 namba ya simu 211, ambayo mtu huipiga akauliza wapi atapata chakula, malazi au msaada wa kodi ya nyumba. Mwaka 2000 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo iliitenga namba hiyo kwa kazi hiyo Marekani nzima, na Toronto, Canada, ikaanza mwaka 2002. Anayepokea simu hajibu kutoka kichwani. Mbele yake ana orodha, na nyuma ya orodha kuna watu ambao kazi yao ni kuzirudia taasisi na kuuliza: bado mpo? Mnafungua saa ngapi? Nani anastahiki?

Yuko pia Erine Gray wa Austin, Texas, ambaye mama yake aliugua maradhi ya ubongo na yeye akahangaika kumtafutia msaada. Mwaka 2010 alianzisha tovuti aliyoiita Aunt Bertha, ambayo siku hizi inaitwa findhelp. Mtu huandika namba ya posta ya mahali anapoishi, kisha huletewa huduma za karibu naye.

Wala tusidhani haya ni ya ng'ambo tu. Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya, Wakenya na wenzao walitengeneza Ushahidi, ramani ya mtandaoni iliyopokea taarifa za ghasia kwa intaneti na kwa ujumbe wa simu. Haiti ilipopigwa na tetemeko tarehe 12 Januari 2010, programu hiyohiyo ilitumika huko. Watu walituma shida zao kwa ujumbe mfupi kwenda namba 4636, na Wahaiti walioko nje wakazitafsiri kutoka Krioli ili waokoaji wazielewe. Mwenye simu ya tochi naye alisikika.

Sasa tuje kwenye ujenzi. Msianze na rangi. Anzeni na jedwali, hata likiwa la daftari, na mtenganishe mambo matatu: taasisi, huduma na mahali. Taasisi moja inaweza kuwa na huduma nne katika sehemu mbili, kila moja na siku yake. Sisi tuliyachanganya yote katika mstari mmoja, na siku moja tu ilipobadilika mstari mzima ukawa uongo. Kisha kwa kila huduma andikeni anayestahiki, siku na saa, gharama kama ipo, na vitu vya kuchukua. Hili la mwisho watu hulisahau, kumbe ndilo linalowarudisha wengi nyumbani: kitambulisho, kadi ya kliniki, barua ya serikali ya mtaa.

Maneno nayo yana kazi yake. Hakuna mwenye njaa anayetafuta "usalama wa chakula". Ataandika chakula, unga au futari. Wasikilizeni mama zenu wanavyosema, kisha muandike hivyohivyo. Kurasa ziwe nyepesi, maana bando ni pesa, na picha ile ya mnara, kwa masikitiko ya aliyeichora, tumeiondoa. Juu kabisa tumeweka 116, namba ya simu ya kusaidia watoto, inayotumika Tanzania na Kenya pia.

Jambo jingine ni sitara. Tovuti inaonyesha anayetoa, kamwe si anayepokea. Kijana mmoja alitaka kuweka picha za wajane wakipokea mchele ili wafadhili wavutike. Nilimkatalia, na hata sheria ya Tanzania ya mwaka 2022 ya kulinda taarifa binafsi haichukulii jambo hilo kuwa dogo. Vilevile nyumba wanamohifadhiwa wanawake waliokimbia kipigo isiandikwe anwani yake. Iandikwe namba ya kupiga tu, kwa sababu anayewatafuta kwa shari naye anasoma intaneti.

Lakini kilicho muhimu kuliko vyote ni tarehe. Kila huduma sasa ina maneno haya chini yake: "Tulihakikisha tarehe fulani." Ikipita miezi mitatu bila kuulizwa tena, tunaiondoa mpaka tuulize. Kwa sharti hilo orodha yetu imeshuka kutoka huduma 41 hadi 14. Vijana walihuzunika, wakasema tovuti imekuwa tupu. Mimi naona zile 27 zilikuwa nauli za watu.

Kila huduma ina wanafunzi wawili wanaoiangalia, ili mmoja akiugua au akihama kazi isife. Mzazi anayejua mahali panapotolewa msaada atuletee namba ya simu ya mhusika, si jina la taasisi pekee. Tunapiga simu Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi baada ya darsa la asubuhi, na vocha inatoka katika mfuko wa darasa la juu.