Kabureta Imesingiziwa

Msomaji wa Mombasa ameniandikia kuhusu Peugeot 504 ya mwaka 1976 aliyoachiwa na marehemu baba yake. Asubuhi inawaka bila ubishi. Ikivuka Likoni na kupata joto, inaanza kumisi, inakohoa, kisha inazima barabarani. Akiiacha ipoe nusu saa, inawaka tena kana kwamba hakukuwa na neno. Fundi ameshafungua kabureta mara tatu. "Ninunue kabureta mpya?" anauliza.

Usinunue kitu, ndugu yangu. Namna kabureta inavyochanganya hewa na petroli tutaizungumza siku nyingine. Leo sina hamu nayo. Mafundi wa zamani wana utani wao kwamba magonjwa mengi ya kabureta ni ya umeme, na utani huo una ukweli mwingi. Cheche ikiwa dhaifu, petroli haiungui yote, na plagi inatoka nyeusi kwa masizi. Fundi anaona masizi, anahukumu kwamba petroli imezidi, anachukua bisibisi. Mshitakiwa hata hajaulizwa.

Tuulize sisi. Betri ina volti 12. Ili cheche iruke kwenye plagi, huweza kutakiwa volti 20,000. Anayeipandisha ni koili: nyaya mbili zilizozungushwa kwenye chuma kimoja, mmoja mnene, mwingine mwembamba kama unywele na wenye mizunguko karibu mara mia zaidi. Koili haina shukrani kwa umeme unaopita kwa utulivu. Inachotaka ni umeme ukatike ghafla. Ukikatika kwa kusuasua, inakupa kidogo. Ukikatika mara moja, inakupa radi.

Mkataji ni platini, vile vidomo viwili ndani ya distributa vinavyogusana na kuachana, pengo lake milimita 0.4 hivi. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, platini huachana mara 100 kwa sekunde moja. Na kila inapoachana, umeme hautaki kukatika.

Aliyewahi kupanda feri ya Likoni ataelewa. Feri inang'oa, mlango wake unaachana na ufuko pole pole, lakini umati ulioteremka mbio hauwezi kusimama papo hapo. Pengo bado ni hatua moja, basi mtu anaruka. Wa pili anamfuata, wa tatu naye. Kwa kuwa watu wanaruka, safari ya kupanda haijakatika, hata kama nahodha ameshaamua. Umeme nao huruka hivyo kwenye platini, ukitoa cheche na kuunguza vidomo. Koili inasubiri kishindo, haikioni.

Sasa weka uwanja mtupu kando ya ufuko, lango wazi. Umati ule ule unateremka kwa kasi ile ile, lakini unamwagikia uwanjani kwa sababu huko hakuna cha kuruka. Uwanja ni mdogo, unajaa upesi mno. Si neno! Ulipojaa, feri ilikuwa imeshafika mbali, na hakuna mwenye akili atakayeruka. Safari imekatika kwelikweli. Uwanja huo ndio kondensa, kikopo kidogo kuliko kidole gumba kinachofungwa kwa skrubu moja kwenye distributa.

Jina hili la kondensa linanikera. Alessandro Volta alikiita kifaa cha jamii hii *condensatore* mwaka 1782, na wahandisi wa leo wameshaliacha, wanasema kapasita. Kwa Kiswahili nilijaribu "kilimbikizi", nikaona kinanuka benki, maana kazi yake hapa si kuweka akiba, ni kuusubirisha umeme kidogo tu. Basi nikaunda "kisubirisho". Fundi wangu alicheka: "Dada, ukienda dukani na neno hilo watakuuzia shubiri." Nimelishikilia hata hivyo, ila dukani nasema kondensa.

Kondensa iliyozeeka hufanya kazi ikiwa baridi na kugoma ikipata moto. Ndiyo dalili yako. Gari likizima tena, egesha kivulini, mbali na harufu ya petroli. Ondoa kifuniko cha distributa na rota, uegemeze waya mkubwa wa koili karibu na bloku ya injini bila kuushika, mtu apige stata. Tazama cheche mbili. Ya platini iwe hafifu, karibu usiione. Ya waya mkubwa iwe ya buluu, yenye mlio. Ukiona platini inawaka vizuri na waya umefifia, mwizi umemkamata.

Koili iliyochoka nayo hugoma kwa joto, na petroli huweza kuchemkia kwenye bomba, lakini anza na cha bei ndogo. Cheche zikiwa safi kote na gari bado linazima, hapo ndipo ukague kiboya na jeti, uzipulize kwa hewa, usizichokoe kwa waya.

Kondensa hubadilishwa pamoja na platini, kazi ya dakika chache. Nunua ya pili uiweke kwenye dashibodi. Kabureta iache ipumzike.