Rwanda, Jirani Yenye Hati za Majina Mawili

Rwanda ni nchi ndogo isiyo na pwani, iliyo magharibi ya Mkoa wa Kagera, ng'ambo ya mto uleule ulioupa mkoa huo jina lake. Eneo lake ni kilomita za mraba 26,338, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu 13,246,394. Ili mkazi wa Bukoba au Muleba apate kipimo, nchi kavu ya Kagera inakaribia ukubwa huohuo, ilhali sensa ya Tanzania ya mwaka huohuo ilikuta mkoani watu 2,989,299, yaani chini ya robo ya watu wa jirani. Nchi imegawanywa katika mikoa minne na Jiji la Kigali, na chini yake zipo wilaya 30. Mkoa huitwa intara, wilaya akarere, kisha hufuata umurenge, akagari na umudugudu, ambavyo kwa kukadiria ni kata, kijiji na kitongoji. Lugha rasmi ni Kinyarwanda, Kifaransa, Kiingereza na, tangu mwaka 2017, Kiswahili. Mlima mrefu kuliko yote ni Karisimbi, wenye mita 4,507. Mazao ya kuuza nje ni kahawa na chai, madini ni pamoja na bati na koltani, na watalii huenda kuwatazama masokwe wa milimani. Nchi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962, ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Mengine ya namna hii yamo katika vitabu vya jiografia vya shule, na anayeyahitaji atayapata humo.

Msafiri anayetoka Bukoba kwa basi hupitia Muleba na Biharamulo, akakunja kuelekea Ngara hadi maporomoko ya Rusumo, ambako akishavuka daraja magari huhama kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia. Zaidi ya hapo, kwa macho ya Mhaya wa Bukoba, hakuna kikubwa kilichobadilika: wilaya ya Kirehe ni migomba na mibuni kama ya nyumbani, ingawa kahawa ya huko ni arabika wala si robusta, na mashamba yamebanana zaidi kwa sababu watu ni wengi. Kinachobadilika hakionekani barabarani, kwa kuwa kimo katika karatasi iliyotunzwa ndani ya nyumba.

Karatasi hiyo huitwa icyangombwa cy'ubutaka, maana yake hati ya ardhi. Ina ramani ndogo ya shamba, mipaka yake ikiwa imechorwa kwa mistari, na namba ya utambulisho inayoanza na tarakimu ya mkoa, ikashuka kwa wilaya, umurenge na akagari hadi kiwanja chenyewe, hata vipande viwili vya ardhi nchini kote haviwezi kushiriki namba moja. Chini ya namba yameandikwa majina ya wenye ardhi, na hapo ndipo mgeni kutoka Kagera husimama akasoma mara ya pili, kwa sababu penye mume na mke waliofunga ndoa ya serikali na kuchanganya mali, majina ni mawili, na mbele ya kila jina imeandikwa sehemu yake: asilimia 50, na asilimia 50. Mume hawezi kuuza wala kuweka rehani bila saini ya mwenzake, na anayetaka kununua, akishaisoma hati, anajua ni watu wangapi wa kuzungumza nao. Tangu Januari 2023 hati mpya hutolewa kwa njia ya kielektroniki, lakini maandishi ni yaleyale.

Ni vema kueleza jambo hili lilivyotokea, kwa kuwa Rwanda haikuwa na mila nyepesi zaidi kuliko za Buhaya. Kwa desturi ya zamani binti wa Kinyarwanda hakurithi ardhi. Aliyerudishwa na mumewe aliweza kukatiwa kipande kilichoitwa ingarigari, apate pa kulima ili asife njaa, lakini kipande hicho kilikuwa cha huruma, wala hakikuwa haki yake, na kaka zake walijua kwamba siku moja kingerudi kwao. Kisha yakaja mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Watu wa Kagera hawahitaji kusimuliwa sehemu yao ya habari hiyo, kwani mwishoni mwa Aprili mwaka huo takriban watu 250,000 walivuka Rusumo kwa muda wa kama siku moja hivi na kujazana katika kambi ya Benaco. Kisichosimuliwa sana ni kilichofuata wakati wakimbizi waliporudishwa mwishoni mwa mwaka 1996: nchi ilikuwa imejaa wajane na mayatima, wengi wa mayatima hao wakiwa mabinti wanaolea wadogo zao, na kila mmoja wao alipokwenda kwenye shamba la baba au la marehemu mume alimkuta shemeji au baba mdogo ameshalishika, akidai kwa mujibu wa mila, na kwa mujibu wa mila alikuwa na haki. Chama cha wajane, AVEGA Agahozo, kilichoanzishwa mwaka 1995, na wanawake waliokuwa bungeni na serikalini, akiwemo Aloisea Inyumba aliyeongoza wizara ya wanawake baada ya vita, walilishikilia suala hilo mpaka likawa Sheria Na. 22/99 ya tarehe 12 Novemba 1999, iliyotamka kwamba watoto wa kike na wa kiume hurithi sawa, na kwamba wanaooana wachague mojawapo ya taratibu tatu za mali. Wa kwanza ni ivangamutungo rusange, ambao huchanganya mali yote. Wa pili huchanganya ile inayochumwa pamoja baada ya ndoa. Wa tatu humwacha kila mmoja na chake.

Katiba ya mwaka 2003 iliagiza kwamba wanawake wasipungue asilimia 30 katika vyombo vya maamuzi. Katika uchaguzi wa mwaka huohuo walipata asilimia 48.8 ya viti vya Baraza la Wabunge, mwaka 2008 asilimia 56.3, mwaka 2013 viti 51 kati ya 80, mwaka 2018 viti 49, mwaka 2024 viti 51 tena. Takwimu hizi ndizo zinazonakiliwa duniani kote kila Rwanda inapotajwa, na hapa zimenakiliwa kwa wajibu tu, kwa sababu kiti cha bunge Kigali hakimlindi mwanamke wa Kirehe siku shemeji anapokuja na panga kung'oa mpaka. Wapo pia wanaouliza wingi huo una nguvu gani katika nchi ambayo Diane Rwigara, mwanamke aliyetaka kugombea urais mwaka 2017, aliondolewa katika orodha ya wagombea, akawekwa mahabusu zaidi ya mwaka mmoja, na hatimaye akaachiwa huru na mahakama mwaka 2018. Swali hilo ni la haki, lakini halifuti kilichofanyika mashambani.

Kilichofanyika ni kwamba, baada ya sheria ya ardhi ya mwaka 2005 kuagiza usajili, serikali haikungoja mwananchi aende ofisini. Kati ya mwaka 2009 na 2013 picha zilizopigwa kutoka angani zilichapishwa kwenye karatasi pana, zikapelekwa vijijini, na vijana wa palepale waliopewa mafunzo mafupi wakatembea mpakani pamoja na mwenye shamba na majirani zake wote, huyu akionesha mgomba, yule akionesha mfereji, na mstari ukichorwa kwa kalamu juu ya picha hadharani. Madai yalisomwa mbele ya watu, mwenye pingamizi akapewa muda wa kulileta, na ugomvi uliobaki ukapelekwa kwa abunzi, yaani wapatanishi wanaochaguliwa na wenyeji, ambao kwa sheria angalau asilimia 30 yao ni wanawake. Malipo yalikuwa faranga 1,000 kwa kipande. Zaidi ya vipande milioni 10 viliandikwa kwa namna hiyo, na kwa kuwa jina la mke liliandikwa siku ileile na jina la mume, mbele ya majirani walewale, haikumlazimu mke kuonekana mkorofi kwa kulidai.

Kasoro zipo, tena si ndogo. Katika majaribio yaliyotangulia mpango wenyewe, watafiti waligundua kwamba wake wenye cheti cha ndoa walinufaika, ilhali wale walioishi na wanaume bila kusajili ndoa walizidi kupoteza, kwa sababu karatasi iliandika asemacho mume, na fomu zikabidi zirekebishwe. Hadi leo mwanamke asiye na ndoa ya serikali hana kinga ile ya asilimia 50, hata awe amelima shamba hilo miaka 20. Mabinti nao, wakati wazazi wanapogawa umunani, yaani fungu ambalo mzazi humpa mtoto akiwa bado hai, mara nyingi hupewa kipande chembamba kuliko cha kaka, na wengi hunyamaza ili wasivunje undugu.

Hapa msomaji wa Muleba ana sababu ya kuona haya, na pia ya kujivunia, maana jambo hili lilianza kwake. Mwezi Agosti 1988 mwanamke mmoja wa wilaya hiyo, Holaria Pastory, aliyekuwa amerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake na sasa amezeeka bila wa kumtunza, aliliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, alikwenda Mahakama ya Mwanzo Kashasha akitegemea kanuni za mila zilizotangazwa na Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, ambazo zinamruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote lakini zinamkataza kuiuza, na Kashasha ikampa ushindi. Mahakama ya Wilaya ikaugeuza. Tarehe 22 Februari 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akakata shauri kwamba kanuni hiyo inakiuka tamko la haki lililoingizwa katika Katiba mwaka 1984, na kwamba mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yaleyale yanayomhusu mwanamume. Mpwa akitaka kuikomboa, alipe shilingi 300,000 hizohizo ndani ya miezi sita. Hukumu hiyo inasomwa katika vyuo vya sheria vya mabara mengine, na iliitangulia sheria ya Rwanda kwa zaidi ya miaka tisa.

Tanzania nayo, mwaka huohuo wa 1999, ilitunga Sheria ya Ardhi ya Vijiji, ambayo kifungu chake cha 20 kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke umiliki wa ardhi, na ambayo inataka Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe saba, watatu wao wakiwa wanawake. Kwa maneno, basi, Kagera haikupungukiwa na kitu. Ilichopungukiwa ni yule kijana mwenye picha na kalamu. Hati ya hakimiliki ya kimila hungoja kwanza kijiji kipate cheti chake na mpango wa matumizi ya ardhi, kisha mwenye kibanja, yaani shamba la nyumbani, aiombe mwenyewe, na mwenye kibanja, kwa fahamu ya kila mtu tangu mpakani hadi mlangoni, ni baba. Kanuni za mwaka 1963 juu ya urithi nazo hazikufutwa katika vitabu. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ilitamka, katika shauri la wajane wawili wa Kitanzania, kwamba kuziacha ni kuvunja mkataba ambao nchi ilikwisha kuuridhia.

Wazee wa ukoo wana hoja yao, nayo si ya kudharauliwa: kibanja, tofauti na rweya, ambayo ni mbuga ya nyasi, kina makaburi ya mababu ndani yake, na kukiuza kwa mgeni ni kuuza na waliolala humo. Hata hivyo anayetandaza nyasi chini ya migomba, anayepanda maharage katikati ya mibuni na kupalilia pembeni mwa makaburi hayo ni mke au binti, wakati musika, yaani mrithi mkuu, yuko Mwanza au Dar es Salaam na huonekana nyumbani penye msiba na wakati wa Krismasi. Wahaya wenyewe walikwisha kulijua hili kitambo, kwani tangu enzi za wakoloni walikuwapo wanawake waliokwenda mijini, wakarudi na fedha zao na kununua vibanja kwa majina yao, na kibanja cha kununua hakikuulizwa na ukoo. Jamii iliyokubali jina la mwanamke pale alipolipa pesa taslimu ingeweza kulikubali pale alipolipa kwa jembe.

Tofauti ya nchi hizi mbili huonekana vizuri zaidi siku ya harusi. Katika ofisi ya umurenge nchini Rwanda wachumba husimama mmojammoja, mkono mmoja umeshika bendera ya taifa na mwingine umeinuliwa, wakala kiapo, na utaratibu wa mali waliouchagua huandikwa pamoja na ndoa yao. Huku Bukoba posa hujadiliwa kwa siku kadhaa, ng'ombe huhesabiwa, rubisi, yaani pombe ya ndizi, huonjwa na kukataliwa na kuletwa nyingine, kanga na blanketi za wazazi hutajwa moja baada ya moja na kuandikwa na katibu wa upande wa bibi harusi katika daftari la kurasa nyingi, na kibanja ambacho binti huyo atakilima hadi uzeeni hakimo katika daftari hilo.