Kasisi aliyewaomba wazazi wasikimbie na watoto wao

Agosti 1666, mama mmoja wa kijiji cha Eyam, katikati ya Uingereza, alizika mume na watoto sita ndani ya siku nane. Aliitwa Elizabeth Hancock. Hakuna jirani aliyethubutu kumsogelea, hivyo alichimba makaburi mwenyewe na kuiburuta miili hadi shambani. Mawe ya kumbukumbu yao yapo hadi leo, yamezungushiwa ukuta kwenye mteremko nje ya kijiji.

Mzazi unayesoma hapa utauliza nilichouliza mimi: kwa nini hakukimbia mapema na wanawe?

Jibu lake liko kanisani.

Tauni iliingia Eyam Septemba 1665, na simulizi za kijiji zinalitaja robota la vitambaa kutoka London lililopelekwa kwa fundi nguo. Vilikuwa na unyevu, msaidizi wake George Viccars akavianika karibu na moto. Inaaminika viroboto walikuwa humo. Viccars alizikwa tarehe 7 mwezi huohuo, na vifo vikafuatana nyumba kwa nyumba. Majira ya baridi vilipungua, watu wakapumua kidogo. Joto liliporudi, navyo vikarudi.

Wenye uwezo walikuwa wameshaondoka. Kufikia Juni 1666 na wengine walianza kufunga mizigo. Kasisi wa parokia, William Mompesson, alikuwa hajafikisha miaka 30 (umri wangu, na mimi hata kikao cha ukoo sijawahi kukiongoza). Alijua wakitawanyika watapeleka ugonjwa vijiji vya jirani. Tatizo ni kwamba waumini wengi hawakumpenda. Moyo wao ulikuwa kwa Thomas Stanley, mchungaji wa zamani aliyeondolewa kazini kwa kukataa kufuata kitabu kipya cha sala kilicholetwa na sheria ya 1662.

Mompesson akafanya jambo ambalo viongozi wengi wa dini, hata wa leo, lingewashinda. Alimfuata Stanley. Wakakubaliana, wakasimama pamoja mbele ya watu.

Makubaliano yalikuwa magumu. Kila familia izike wafu wake karibu na nyumbani, bila kuwapeleka makaburi ya kanisa. Kanisa lifungwe, ibada ifanyike bondeni, mahali paitwapo Cucklet Delf, kila familia isimame mbali na nyingine. Na mtu asivuke mpaka wa parokia. Mkuu wa eneo hilo, Earl wa Devonshire, aliyeishi karibu, alisaidia kwa chakula. Vyakula viliachwa mpakani kwenye jiwe lenye matundu, nao wanakijiji wakaweka sarafu humo, ndani ya siki. Vijidudu hawakuvijua, lakini waliamini siki inasafisha.

Sasa kuna jambo linalonisumbua. Kabla ya mpaka kufungwa, Mompesson alikuwa ameshawatoa watoto wake wawili wadogo na kuwapeleka kwa ndugu. Kisha akawaomba wazazi wengine wabaki na wa kwao. Mkewe, Catherine, angeweza kuondoka na watoto lakini alibaki na mumewe, akafa Agosti hiyohiyo. Sijui kama Elizabeth Hancock aliwahi kuwafikiria watoto wale wawili waliokuwa salama. Mimi ningewafikiria kila siku.

Je, ilisaidia? Tauni haikusambaa vijiji vya jirani kama ilivyohofiwa. Ndani ya Eyam, takribani watu 260 walikufa. Watafiti waliochambua daftari la parokia miaka ya karibuni waliona kwamba maambukizi mengi yalipita kutoka mtu hadi mtu, hasa ndani ya nyumba moja. Ndiyo maana karantini ya leo haifungii wazima na wagonjwa chumba kimoja: mgonjwa hutengwa na kutibiwa, aliyekutana naye hufuatiliwa.

Usidhani tauni imeishia vitabuni. Lushoto, mkoani Tanga, iliijua kuanzia 1980 kwa zaidi ya miaka 20. Leo inatibika kwa dawa za antibaiotiki, mradi matibabu yaanze mapema. Mtoto akipata homa ya ghafla na tezi zilizovimba kinenani, kwapani au shingoni, msipoteze muda na dawa za dukani, mwahisheni kituo cha afya. Mkiona panya wanakufa ovyo ndani au shambani, msiwashike kwa mikono mitupu. Toeni taarifa.

Vifo Eyam vilikoma Novemba 1666. Miaka michache baadaye Mompesson alihamishiwa parokia nyingine, Eakring. Inasimuliwa kwamba waumini wa huko waliogopa kumpokea, ikabidi kwanza akae kibandani nje ya kijiji, ingawa tauni ilikuwa imeisha zamani. Unyanyapaa huo nimeukuta mara nyingi kwa watu waliopona magonjwa ya kuambukiza.

Waumini wa Eyam bado wana ibada ya kumbukumbu kila Jumapili ya mwisho ya Agosti. Elizabeth Hancock hakubaki kijijini. Alikwenda Sheffield, alikokuwa akiishi mwanawe mmoja aliyesalia.