Picha ya Kupamba

Desturi ya kupamba katika miji yetu ya pwani imesimama juu ya mlango uliofungwa. Wanawake huingia ukumbini wamejisitiri kwa mabuibui. Wakiisha kuingia huyavua, wakaketi na nguo zao nzuri, udi na asumini, wakimngojea bibi harusi. Raha ya usiku huo hutokana na jambo moja: kila aliyemo anajua ni nani anayemwona.

Siku hizi kadi nyingi za mwaliko huandikwa kwamba simu zenye kamera haziruhusiwi, na mlangoni huwekwa wasichana wa kuzikusanya. Hata hivyo, simu hupenya. Tuliwahi kuhudhuria kupamba ambako shangazi wa bibi harusi, mama mcha Mungu asiyemtakia mtu baya, alipiga picha moja tu. Alitaka kumtumia bintiye aliyeolewa Maskati, ambaye hakujaaliwa kuja. Binti alifurahi, akamwonyesha wifi yake, wifi akaiomba, na kutoka hapo picha ikaingia katika kundi la WhatsApp la ukoo, ambamo wamo mashemeji na vijana. Kulipokucha, picha ya bibi harusi, nywele wazi, ilikuwa imekwisha kufika katika simu ya shemeji yake. Nyuma yake walionekana wanawake wengine wanne, ambao hakuna aliyekumbuka kuwauliza.

Hatumlaumu shangazi kwa mapenzi yake. Alidhani picha ni kama neno la sikioni. Lakini anayepokea picha huwa na nakala yake, na simu nyingi huihifadhi bila hata ya kuamrishwa. Ukiifuta baadaye, hujui nani amekwisha kuipeleka mbele. Hata ile ya kutazamwa mara moja huweza kupigwa kwa simu nyingine.

Katika Surat An-Nur tumeamrishwa tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na kuwasalimu wenyewe, na tukiambiwa turudi, turudi. Kwetu sisi, picha ya mwanamke aliyevua buibui lake ni nyumba yake. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 31, nayo inalinda faragha ya kila mtu. Lakini ni nani atakayempeleka shangazi yake mahakamani?

Wenye harusi waweza kumkodi mpiga picha mmoja, mwanamke, na picha zote akabidhiwe bibi harusi mwenyewe. Aliye mbali atumiwe ile ambayo bibi harusi ameiridhia. Na anayepokea asiseme, “Si mimi niliyepiga.” Aifute, amwambie aliyemtumia kwa faragha, wala asimwonyeshe mumewe. (Tuseme kweli: wengi wetu tumewahi kuipanua picha ya namna hii kwa vidole, tukaikagua dhahabu yote, ndipo tukakumbuka kuifuta.)

Shangazi yule alikwenda kwa bibi harusi siku ya saba, akaomba radhi huku analia. Alisamehewa. Bibi harusi alimwomba jambo moja tu: ampigie simu kila aliyeipata picha ile, mmoja baada ya mmoja, amsihi aifute. Alianza na bintiye, kisha wifi, kisha watu wa kundi. Alipofika kwa mtu wa kumi na moja, aliambiwa kwamba picha imekwisha kupelekwa kwenye kundi jengine, la watu asiowajua hata kwa majina.